Kisa cha Soysambu: kuua kwa kukusudia bila kupanga chochote

Kila kesi ya mauaji ikianza kuongelewa huku mtandaoni lazima mtu mmoja atokee na ile hoja ya "lakini si hakupanga, sasa kukusudia kunatoka wapi", afu mwingine anamjibu "hiyo ni digrii ya pili bro". Hapo wote wawili ni sinema za Marekani zinaongea. Kule ni kweli ziko digrii, Pennsylvania walianza mwaka 1794 wakagawa mauaji kwa mafungu ili wasinyonge kila mtu, na lile fungu la kwanza likawa ni la aliyekaa chini akafikiria akaamua ndo akaua. Sisi hiyo kitu hatuna. Kenya hakuna, Tanzania hakuna. Tulichonacho ni maneno ya Kiingereza cha zamani sana, "malice aforethought", na ukiyasoma hivyo yalivyo utadhani wanaongelea roho mbaya iliyotangulia, yaani mtu ameamka na chuki yake ameipanga kabisa, kumbe mahakamani hayahitaji roho mbaya na wala hayahitaji kutangulia.

Nitayapitia na kesi moja tu, ya Tom Cholmondeley na marehemu Robert Njoya, manake hiyo kesi kila Mkenya wa umri fulani ana maoni nayo na kwa maoni yangu wengi walikasirika kwa haki ila wakashika mkia badala ya kichwa.

Kwa wale walikuwa bado wadogo: Soysambu ni ranchi kubwa kando ya Ziwa Elementaita, ukitoka Gilgil kwenda Nakuru unaiona upande wa kushoto, nyika ya leleshwa na migunga. Ni ya familia ya Delamere, wale wale walowezi ambao Kenyatta Avenue ya Nairobi ilikuwa na jina lao kabla ya uhuru. Tom alikuwa kitukuu wa yule Lord Delamere mwenyewe na ndiye alikuwa mrithi.

Aprili 2005 alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) aliyekuwa hapo ranchini na wenzake bila yunifomu wakichunguza biashara ya nyama pori. Cholmondeley akasema alidhani ni majambazi. Akashtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, na Mei mwaka huo huo mwanasheria mkuu Amos Wako akaiondoa kesi kabla hata haijasikizwa. Wamaasai, jamii ya Sisina, wakaandamana, nchi ikapiga kelele, ikaisha hivyo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Mei 2006, ikatokea tena, ranchi ile ile. Jioni hiyo Cholmondeley alikuwa anatembea shambani na rafiki yake wakaangalie mahali pa kujenga nyumba, akiwa na bunduki ya risasi kubwa, si bastola. Wakakutana na wanaume wa vijiji vya jirani wakiwa na mbwa, wametoka kuwinda, na swala wao wamembeba. Cholmondeley akapiga. Mbwa wawili wakafa. Na Robert Njoya, mwashi wa mawe mwenye miaka 37, mtu wa familia, akapatwa na risasi upande wa nyonga. Cholmondeley akamfunga kidonda pale pale, akasaidia apelekwe hospitali kwa gari, lakini damu ilishaenda nyingi, Njoya akafa.

Msimamo wake ulikuwa ni kwamba alilenga mbwa. Basi. Hao watu kwenye vichaka hakuwa na haja nao.

Kesi ikaenda mbele ya Jaji Muga Apondi, mashtaka yakiongozwa na Keriako Tobiko na utetezi na Fred Ojiambo, na ikavuta karibu miaka mitatu mtu akiwa ndani gereza la Kamiti, manake wakati huo, kabla ya katiba ya 2010, mshtakiwa wa kuua kwa kukusudia hakuwa anapewa dhamana. Katikati utetezi ukaleta na hoja nyingine kabisa, kwamba huenda aliyefyatua ile risasi iliyomuua Njoya ni yule rafiki. Jaji hakuinunua, alisema aliyepiga ni Cholmondeley. Hapo hakuna utata basi. Nani ameua, tunajua. Ranchi tunajua, bunduki tunajua. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kichwani mwake sekunde ile anavuta, na hapo ndo hayo maneno mawili ya Kiingereza yanaingia kazini.

Kifungu chenyewe kwa Kenya ni 206 cha Kanuni ya Adhabu, kwa Tanzania ni 200, na ukiviweka kando kwa kando vinafanana karibu neno kwa neno kwa sababu sheria zote mbili zililetwa na mkoloni mwaka mmoja, 1930. Kinasema nia hiyo ya "malice aforethought" itahesabiwa imethibitika ukionyesha hata kimoja tu kati ya vitu vinne. Cha nne kinahusu kumsaidia mhalifu atoroke, cha tatu ni kama ulikuwa na nia ya kufanya kosa lingine kubwa, hivyo viwili havituhusu hapa. Cha kwanza ni kukusudia kumuua mtu ama kumdhuru vibaya mno, mtu yeyote yule, hata kama aliyekufa siye uliyemtaka. Ona hapo, "ama kumdhuru vibaya". Kwa hiyo si lazima utake afe. Umemvizia mtu na rungu ukitaka tu umvunje mguu ashike adabu, akafa, mahakama haitakusikiza ukisema ulitaka mguu peke yake.

Cha pili ndo chenye utamu wote. Ni kujua kwamba hicho unachofanya kina uwezekano mkubwa wa kuua ama kumdhuru vibaya mtu fulani, ijapokuwa kama itatokea au haitatokea hujali, na, sikiza hii, ijapokuwa unatamani isitokee. Yaani unaweza kuwa unaomba Mungu kabisa kwamba mtu asiumie, na ukafyatua, na sheria ikasema ulikuwa na nia hiyo. Kipimo ni kujua, kutaka hakumo. Sasa linganisha na vile watu wanabishana huko nje, "alimchukia?", "walikuwa na ugomvi?", "alipanga lini?". Hakuna hata moja ya hizo iko kwa 206. Sababu ya kuua nayo kifungu cha 9 kinasema wazi haina uzito kwenye kuamua kama mtu ana hatia, isipokuwa pale sheria yenyewe imeitaja. Na muda haumo kabisa, hakuna mahali wameandika dakika tano ama siku mbili, nia inaweza kuzaliwa na kukamilika kwa pumzi moja.

Ukitaka kuona vile kupanga hakuhusiani angalia upande wa pili wa hiyo hiyo sheria, kifungu cha 207, kile cha kuchokozwa. Mtu amekuta jambo la kumtoa akili, akachukua panga akaua papo hapo. Alikusudia kuua, ndio, huwezi sema hakukusudia, lakini sheria inamshusha kwa kuua bila kukusudia kwa sababu ya ile hasira ya ghafla. Hapo majina yenyewe ya Kiswahili yanatuchanganya, unakuta aliyetaka kuua kwa roho yake yote amehukumiwa "bila kukusudia", na aliyekuwa anaomba mtu asife amehukumiwa "kwa kukusudia". Magazeti yetu huandika tu hivyo na msomaji anajaza mwenyewe.

Turudi Soysambu. Kilichoko kichwani mwa mtu hakuna daktari anaweza kukipiga picha, kwa hivyo mahakama za huku toka zamani zina njia ya kukisia, na njia hiyo ilitoka kwa kesi ya Tubere, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1945. Majaji wale walisema tazama silaha ni ya aina gani, imetumikaje, imelengwa sehemu gani ya mwili, majeraha yako namna gani, na mtu mwenyewe alikuwa anafanya nini kabla, wakati ule, na baada. Wakaongeza kitu ambacho mawakili mpaka leo wanakirudia, kwamba nia inaonekana kirahisi zaidi mtu akitumia mkuki ama kisu kuliko akitumia fimbo.

Haya, ipitishe Cholmondeley humo. Silaha: bunduki, hiyo hata mkuki iko nyuma, kwa hapo anaumia. Sehemu ya mwili: nyonga, si kichwa si kifua, hapo anapumua kidogo, manake mtu mwenye shabaha ya kuangusha mbwa wawili wanaokimbia angetaka kumuua mtu angemkosa kifua? Namna ilivyotumika: mbwa wamekufa kweli, mizoga iko, kwa hiyo ile hadithi ya "nililenga mbwa" haiko hewani. Na baada ya tukio: amefunga kidonda, amesaidia kumpeleka hospitali. Hiyo ya mwisho ndo ilibeba uzito. Apondi akasema hakuona nia ile ya 206, na kwamba mtu aliyejitahidi kumwokoa mwenzake haonekani kama mtu aliyekuwa anataka afe. Wazee wa baraza wawili, wale raia wa kawaida waliokuwa wanakaa na jaji kumshauri, walikuwa wameshasema Machi 2009 kwamba hana hatia kabisa, lakini maoni yao hayakuwa yanamfunga jaji, naye akachukua njia ya kati. Tarehe 7 Mei 2009 akashusha shtaka kuwa kuua bila kukusudia na kumtia hatiani kwa hilo.

Wiki moja baadaye, tarehe 14, akampa miezi minane.

Miezi minane! Hapo ndo nchi ilipasuka. Na mimi naelewa kabisa, kwa kuua bila kukusudia sheria inaruhusu mpaka kifungo cha maisha, na wakati huo huo kuna vijana wa mtaani wanaenda ndani miaka kwa ajili ya kuiba simu. Jaji alihesabu ile miaka mitatu ya rumande, kisheria yuko sawa kuihesabu, lakini mtu wa kawaida anasikia nambari moja tu. Oktoba 2009 jamaa akawa nje. Watu wakasema ni rangi ya ngozi, wakasema ni jina la Delamere, wakaunganisha na ile ya Sisina, na sidhani kuna Mkenya angeweza kutazama hizo kesi mbili bila kuona historia ya mashamba ya Bonde la Ufa imesimama hapo katikati.

Lakini hasira ikaenda kwa miezi minane, na kwa "alikusudia huyo, alikuwa amezoea kuua". Mi naona swali lenyewe lilikuwa kwingine, lilikuwa kwenye kile kitu cha pili cha 206, na ndo pale nahisi kesi ilipita haraka.

Fikiria vizuri. Jioni, vichaka, watu wako hapo. Si kwamba mtu alikuwa anawinda peke yake porini akapiga kichaka kikatoa sauti ya binadamu. Mbwa wa kuwinda hawatembei wenyewe, ukiona mbwa wa namna hiyo na swala amebebwa unajua wenye mbwa wako hatua chache. Sasa mtu anayejua bunduki tangu utotoni, anayejua risasi hiyo haisimami kwa mwili wa mbwa, anayepiga kuelekea mahali anajua kuna watu, huyo alijua nini? Kumbuka sheria haiulizi alitaka nini. Ile huruma ya kufunga kidonda inajibu vizuri sana lile swali la kwanza, kwamba hakutaka kifo, na hapo sina ubishi na jaji. Ila kwa lile la pili huruma haijibu chochote, kwa sababu kifungu kimeshasema hata ukitamani isitokee bado. Dereva wa matatu anayeovateki kwenye kona ya Salgaa, pale penye sifa ya ajali, na lori linakuja huwa anatamani sana lile lori lisiwepo, afu akishagonga ndo wa kwanza kuruka kutoa abiria kwenye vyuma. Kule kutoa abiria hakukwambii alichojua dakika moja kabla.

Na upande wa utetezi ungenijibu, na jibu lao si dogo. Wangesema neno liko pale ni uwezekano mkubwa, si uwezekano tu. Kupiga mbwa karibu na watu ni uzembe, hata uzembe wa kutisha, lakini uzembe makao yake ni kifungu cha 202, ndo maana kuna kuua bila kukusudia. Ukisema kila mtu aliyefyatua karibu na watu "alijua" basi umekula kosa dogo lote likaisha, kila ajali ya bunduki imekuwa ya kunyongwa. Wangesema pia huwezi kuhamisha nia ya kuua mbwa ukaiweka kwa binadamu, na hapo wako sawa mia kwa mia, Waingereza walishaamua mambo ya aina hiyo mwaka 1874 kwenye kesi ya Pembliton, jamaa aliyerushia watu jiwe nje ya baa likavunja dirisha, ikasemwa nia ya kuumiza watu haigeuki kuwa nia ya kuvunja kioo. Ukikusudia Juma ukampata Hamisi nia inahama. Ukikusudia mbwa ukampata Njoya haihami, lazima mashtaka yatafute nia mpya ya binadamu, na hiyo nia mpya ni kupitia "kujua" peke yake. Kwa hivyo kesi yote ilikuwa inaning'inia kwa neno moja, uwezekano ulikuwa mkubwa kiasi gani, na hilo linategemea umbali, vichaka, mwanga, watu walikuwa wamesimama wapi, vitu vya kupima na futi kamba. Mimi ningeegemea mashtaka kwa hilo, lakini si kwa kishindo, na mtu akiniambia angeegemea kwa Ojiambo sitamwita mjinga.

Ambacho siwezi kukubali ni kusikia watu mpaka leo wakisema aliponea kwa sababu "hakukuwa na ushahidi wa kupanga". Hakuna aliyehitaji kuleta ushahidi wa kupanga. Mashtaka wangeweza kukubali hakupanga, hakumjua Njoya, hakuwa na kinyongo naye hata kidogo, na bado washinde.

Kuna kitu kingine naona kilimbana jaji na hakisemwi sana. Mwaka 2009 adhabu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa moja, kamba, kifungu cha 204 hakikumpa jaji nafasi ya kupima. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na Agosti hiyo hiyo ya 2009 Rais Kibaki akawabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 kutoka kunyongwa kwenda maisha, lakini jaji akiwa kwenye kiti hawezi kusema "aah nitampa kifo tu hakitatekelezwa". Kwa hivyo ukiwa na mtu ambaye ameua mtu kwa kitendo cha hovyo na amefunga kidonda kwa mikono yake, una milango miwili, hapa kifo, pale chochote kuanzia siku moja hadi maisha. Mtu yeyote mwenye moyo ataanza kusoma "uwezekano mkubwa" kwa macho makali ili asifungue mlango wa kwanza. Sisemi Apondi alisema hivyo, hakusema, nasema adhabu ikiwa moja hiyo na ya mwisho, hata maana ya maneno ya kosa inaanza kuvutwa.

Baadaye mambo yakabadilika. Mahakama ya Rufaa ikaanza kuitikisa mwaka 2010 kwa kesi ya Mutiso, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikamaliza kwa ile ya Muruatetu, kwamba kifo cha lazima ni kinyume cha katiba, jaji sasa anaweza kumtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia na bado akampa miaka kadhaa akiangalia hali ilivyokuwa. Tanzania bado wako na ile ya lazima kwenye sheria yao, ijapokuwa mahakama ya Afrika pale Arusha iliwaambia mwaka 2019 kwamba haifai.

Cholmondeley alikufa Nairobi Agosti 2016, zaidi kidogo ya mwaka kabla ya Muruatetu. Kesi kama yake ikija leo, jaji anaweza kusema ulijua, una hatia kamili ya 206, hukupanga na ulijaribu kumwokoa, chukua miaka kumi na tano. Hiyo nafasi Apondi hakuwa nayo.